Mamba hadi Mishamo na Lori Linalogonga Asubuhi

Kila nikipita pale mashineni mnanisimamisha: "Baba Klara, ilikuwaje huko?" Huyu nampa kipande cha Sitalike, yule kipande cha Kabungu, jioni mnakutana mnalinganisha, mnasema nimewadanganya. Nimechoka jamani. Naandika yote hapa mara moja, mpitishiane kwenye simu, mniache nipumzike. Habari za vibali na mizigo nimeziruka maana hazina utamu.

Kwa yule ambaye ujumbe huu utamfikia naye hanijui: mke wangu, Tazia, ni mkunga kwenye zahanati moja huko Mishamo. Alihamishiwa huko, mimi na binti yetu Klara tukabaki Mamba kwa mama yangu. Tangu mavuno yaliyopita nilikuwa sijamwona. Safari hii alikuwa amepewa mapumziko, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, basi. Akaniambia kwenye simu, "Njoo na mchele, njoo na chochote, ila njoo mapema. Jumanne asubuhi mimi narudi kazini." Nikamwambia Ijumaa jioni nitakuwa nakula kwake. Nilisema kwa kifua kabisa.

Mamba hadi Sitalike

Alhamisi asubuhi kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba, mnaijua. Nikawasha lori. Likawaka, halafu likaanza: ko! ko! ko! ko! Kelele ya chuma kwa chuma, na moshi mweupe ukafunika banda la kuku lote. Mama akatoka nje akishika kichwa. Baada ya muda, injini ilipopata moto, kelele ikapungua, ikaisha, lori likawa linanguruma vizuri kana kwamba halijafanya kitu.

Lilikuwa limeanza mchezo huo wiki ile ile. Jirani yangu Mzee Kalonga, ambaye aliendesha malori mpaka magoti yakamkatalia, alikuwa ameshafika na kikombe chake cha chai mkononi.

"Metali hizo zimekwisha," akasema. Metali ni vile vyuma laini vinavyoishika shafti ya injini isisagane. "Ukilazimisha, itavunja kitu humo ndani itoboe bloku. Mke utamwangalia kwenye picha."

"Mzee, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Metali hizo."

Nilikasirika, siwafichi. Lakini kilichonikasirisha ni kwamba hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Injini ikifunguliwa ni wiki kadhaa, na Tazia mapumziko yake hayangojei injini ya mtu.

Nikapakia mchele wa tajiri mmoja wa Mpanda, nikaondoka. Katekista Simoni aliomba lifti mpaka Kibaoni, na kabla sijatia gia akasema haiwezekani tukaanza safari bila sala. Akaombea barabara, akaombea matairi, akaombea wenye mamlaka, akaombea na injini kwa jina lake. Mimi nilifumba jicho moja. Lingine lilikuwa kwenye saa.

Njiani nikapata akili ambayo niliiona kubwa sana: kama linagonga likiwa baridi tu, basi nisilizime. Kibaoni nikamshusha katekista injini ikinguruma. Nikakatisha hifadhini, mbung'o wakanila mpaka kwenye kope, nikatokea Sitalike. Nikaliegesha mbele ya kibanda cha chakula, nikaacha linanguruma, nikakaa kula wali na kambale.

Mama wa kibandani akaniangalia, akaliangalia lori. "Kaka, mbona huzimi? Kuna mtu anakufukuza?"

"Hapana dada, liko sawa tu."

"Kama liko sawa si uzime?"

Vijana wa bodaboda wakasogea. Mmoja akasema lori linaloachwa linawaka ni lori lililowashwa kwa nyaya, limeibwa hilo. Mara mwenyekiti wa kitongoji huyu hapa, mtu mpole sana, akaniomba nikae naye "kidogo tu". Nilimweleza habari za metali, akatikisa kichwa. Nikamwonyesha kadi ya gari, akasema kadi hata mwizi anaikuta ndani. Mwisho nikampigia Katekista Simoni, naye akamthibitishia kwamba mimi ni muumini wa kigango chake, tena akaongeza kwamba huwa nasinzia wakati wa mahubiri. Hapo ndipo mwenyekiti akacheka, akaniagizia chai. Wakati nainywa, Tazia akapiga.

"Uko wapi?"

"Sitalike."

"Nasikia injini. Unaongea na simu huku unaendesha?"

"Hapana, nakunywa chai."

"Baba Klara, uko mzima kweli?"

Mpanda

Mpanda nililala gesti, na huko hawakunielewa niliposema nataka lori lilale linawaka. Nikazima. Ijumaa asubuhi liliwaamsha wageni wote, mmoja akatoka na taulo akidhani ukuta unabomolewa. Nikashusha mchele kwa tajiri, nikapakia bati za mtu wa Mishamo, nikaenda gereji.

Fundi wa pale, kijana mmoja wanamwita Rasi, hakuhitaji hata kusikiliza. "Metali, bosi. Tushushe injini."

"Hujaisikia ikigonga!"

"Nitaisikiaje na wewe umeileta ya moto? Iache ilale hapa, kesho niiwashe mwenyewe ikiwa baridi. Ila nakwambia mapema, ni metali."

Nifanye nini? Barabara ya Mishamo ukitoka kwenye lami ni milima na pori, ukifia huko umefia. Ijumaa yangu ikaondoka hivyo. Jioni nikampigia Tazia, nikasikia samaki wanalia kwenye kikaango.

"Migebuka hiyo?"

"Migebuka yako. Nimenunua asubuhi."

"Kesho, mke wangu."

"Haya, kesho," akasema.

Nikalala ndani ya lori pale gereji ili asiwepo wa kuligusa. Kumekucha, Rasi hayupo. Mlinzi akaja na habari: jirani wa gereji amefiwa na baba yake, mtaa mzima uko msibani, hakuna kufungua mpaka wazike. Sasa nyie niambieni, unabishana na msiba? Na huwezi kukaa umbali wa hatua chache kutoka kwa mfiwa unakula chapati na kuchokonoa meno. Nikanawa uso, nikaenda kukaa na wanaume kwenye mabenchi. Nikapewa jembe, nikachimba na wenzangu. Marehemu simjui, lakini nilipomwona mjane wake ameshikwa huku na huku, nilimuwaza Tazia.

Baada ya kuzika tukapewa ugali na maharage. Aliyekaa karibu nami alikuwa mzee anayeuza mbao. Aliponisikia nalalamika, akasema, "Kabungu yupo Fundi Lazaro. Yeye hafungui injini ya mtu kabla ya kuisikiliza. Iko njiani kwako." Alasiri ile nikawasha. Kwa vile jua lilikuwa limelichoma lori mchana kutwa, likagonga kidogo tu likanyamaza. Rasi, ambaye alikuwa amerudi na udongo wa kaburi kwenye viatu, akainua kidole: "Metali." Nikampungia mkono.

Tazia akapiga nikiwa natoka mjini. "Nimeikaanga mara ya pili ili isiharibike," akasema. "Na lile gauni la kijani nimelivua, nisije nikalichafua."

Jamani. Mwanamke akikutukana unajua pa kushika. Hilo la gauni sikujua nilishike wapi.

Kabungu

Lazaro nilimkuta kwenye yadi yake amezungukwa na injini zilizokufa, kuku wanataga humo humo. Mtu mzima, mwembamba, anaongea taratibu. Nikaanza kumweleza: metali, shafti, Mzee Kalonga, Rasi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Linagonga saa ngapi?"

"Asubuhi tu, likiwa la baridi."

"Basi kesho asubuhi. Sasa hivi nitakuwa nakusikiliza wewe, na wewe huna tatizo, una kelele tu."

Usiku wa tatu huo njiani! Nikawaza niondoke. Lakini mke wake, Mama Bahati, alikuwa ameshaweka mkeka na kunawisha watu mikono. Ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga, maharage. Wakati wa kula nikawamwagia yote: Tazia, mapumziko, migebuka, lori lisilopenda baridi. Mama Bahati akawa anasema "Mwee!" na "Pole, baba," kila nilipovuta pumzi. Akaniahidi kwamba nitaamka nikute maji ya moto ya kuoga, niende kwa mwenzangu nikiwa msafi.

Jumapili nikaamka, nikatoka na taulo begani. Sufuria kubwa lipo, limepinduliwa. Tupu.

"Shikamoo mama. Maji yangu?"

"Marahaba, baba." Anatabasamu kabisa. "Maji nimempa mgonjwa."

Sikuelewa. Akanionyesha lori kwa kidole. Kumbe huyu mama, mke wa mtu aliyeendesha malori ya tumbaku ujana wake wote, alikuwa ameamka kabla ya wote. Akafungua koki ya rejeta, akamwaga maji ya baridi yote, akajaza ya moto, akarudia mara ya pili kwa maji yangu ya kuoga. Ndivyo alivyokuwa akimfanyia mumewe zamani wakati wa baridi, ili asihangaike kuwasha. Tena alikuwa amelifunika boneti kwa blanketi.

Lazaro akaja, akagusa injini, akamwangalia mkewe. Akawasha. Likawaka mara moja, laini, hakuna ko wala ki.

"Mama, umeniua," nikasema. Haki ya Mungu nilisema hivyo, na taulo begani. "Nilikaa nangoja lipoe usiku kucha, wewe umelipasha moto!"

Mama Bahati akashika mdomo. "Mimi nilisikia lori linaumwa na baridi. Sikusikia kwamba mnaitaka hiyo baridi."

Lazaro akacheka mpaka akaegemea tairi. Halafu akaacha kucheka ghafla, akasogea, akainamisha sikio, akalisikiliza lori kwa muda mrefu. Akazima.

"Njoo hapa," akaniambia. "Maji ya moto yanapita wapi? Yanazunguka juu, pale dizeli inapoungulia. Metali ziko chini kabisa kwenye oili, na oili bado ni ya baridi, shika uone." Nikashika chini, kweli baridi. "Kama ni metali, leo zingegonga vilevile. Na metali zikiisha, kelele haipungui injini ikipata moto, inazidi, maana oili inakuwa nyepesi. Wewe metali zako nzima. Hapa kuna nozeli moja inatiririsha dizeli badala ya kuipuliza. Injini ikiwa baridi, ile dizeli inarundikana halafu inalipuka kwa mpigo mmoja. Ndiyo hiyo ko ko. Mama Bahati ametupunguzia kazi."

Nilitaka kumkumbatia. "Basi niende!"

"Unaweza kwenda. Ila nozeli inayotiririsha hutoboa pistoni. Leo au mwakani, mimi sijui. Na kujua ni ipi, lazima nilisikie likiwa baridi kweli."

Maana yake kesho. Maana yake Jumatatu, siku yake ya mwisho. Nikaenda nyuma ya lori, nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia. Andikeni, chekeni mkitaka. Nilikuwa nimemkumbuka mpaka mwili unauma. Nilikuwa nasahau namna anavyokohoa asubuhi kabla ya kuongea, na nilikuwa nimetoka nyumbani ili nikumbushwe.

Nikampigia, nikamweleza yote: niende sasa nikafike leo, au nilale tena. Nilitaka aseme njoo.

"Lala," akasema. "Nataka uje, na nataka uweze kurudi kwa Klara. Lala, mume wangu."

Tukaenda misa na Lazaro na mkewe. Wakati wa kutakiana amani Mama Bahati alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia mpaka kwaya ilipoanza.

Jumatatu kulipopambazuka, maji ya kuoga yalikuwa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa bafuni, mbali kabisa na lori. Lazaro akasema niwashe. Ko! ko! ko! Sijawahi kufurahia kelele ile namna hiyo. Akachukua spana, akalegeza nati ya mrija unaopeleka dizeli kwenye nozeli ya kwanza. Injini ikayumba, kelele ikabaki. Akakaza. Ya pili, vilevile. Ya tatu alipoilegeza, dizeli ikamrukia mikononi na kelele ikakatika. Kimya! Akakaza, ikarudi. Akalegeza, ikaondoka.

"Huyu hapa," akasema.

Akaifungua, akaifunga nje kwenye mrija wake, nikapiga stata. Badala ya kutoa ukungu, ikawa inakojoa kama mtoto. Akaenda kwenye mizoga yake, akafukuza kuku mmoja aliyekuwa anaatamia, akafungua nozeli nzima, akaisafisha, akaijaribu: ukungu mtupu. Akaifunga.

"Imepona?" nikauliza.

"Sasa ni ya moto, haisemi kitu. Utajua asubuhi yoyote utakayoliwasha likiwa baridi huko uendako."

Mishamo

Lami ikaisha, vumbi likaanza, milima ikaanza. Sitawasimulia kona moja moja. Jua lilikuwa linazama nilipoingia Mishamo, na watu wanarudi mashambani na baiskeli zimebeba mihogo, wananipisha.

Alikuwa amesimama mlangoni amevaa lile gauni la kijani. Majirani walikuwepo pia, wamekaa uani, kwa hiyo tukapeana mikono kama wajumbe wa kikao.

"Karibu, Baba Klara."

"Asante, Mama Klara."

Majirani wakanisalimia mmoja mmoja, wakauliza habari za Mamba, mpunga, mvua, mama, mtoto. Mzee mmoja akauliza mpaka bei ya ng'ombe. Watu wema sana. Nilitamani wote wapatwe na usingizi. Migebuka tuliila pamoja nao, imekaangwa mara tatu, migumu kama mbao, na sijala samaki mtamu namna ile. Walipoondoka, Tazia alifunga mlango, akaweka paji la uso wake kifuani kwangu, akakaa hivyo. Nikamwambia nimemkumbuka. Akasema, "Najua. Nyamaza."

Jumanne asubuhi akavaa sare, akaenda. Mwenye bati akaja na wenzake, wakazibeba kwa baiskeli mpaka zikaisha, lori halikusogea hata hatua. Mimi nikafua, nikafagia, nikatengeneza bawaba ya dirisha lake, nikapika. Jioni akatuma ujumbe: kuna mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya, sitoki. Nikalala peke yangu kwenye kitanda chake, kinanukia sabuni yake.

Alirudi kunapambazuka. Mama mzima, mtoto mzima. Alivua viatu tu, akaanguka kitandani, akasema, "Ukitaka kuondoka niamshe," akalala kabla hajamaliza sentensi. Mimi nilikuwa nimewaahidi nyie kwamba Jumatano nitakuwa njiani, mpunga wenu umerundikwa, mnangoja lori. Nikamwangalia. Macho yamezama, mikono imepauka kwa dawa. Nikaona ni dhambi kumwamsha. Nikachukua begi, nikatoka polepole.

Nje baridi kali, kioo chote umande. Nikapanda, nikasema moyoni, haya Lazaro, tuone. Nikapiga stata. Likawaka mara moja, likatulia. Hakuna ko hata moja. Moshi kidogo tu, basi. Lilikuwa zima kabisa.

Nikakaa na mkono kwenye gia, naangalia mlango. Wakati tunaishi wote Mamba, sikuwahi kuondoka bila yeye kutoka nje amejifunga kanga, macho nusu, ananiambia niende salama. Lori likiwaka anaamka. Sasa mlango umefungwa, hausogei. Nikasubiri. Nikakanyaga mafuta kidogo, halafu nikaona aibu, nikaacha. Jogoo wa jirani akawika, mtu akapita na baiskeli. Mlango uko vilevile.

Nikazima. Nikarudi ndani, nikaweka begi chini, nikavua viatu, nikalala pembeni yake na koti langu la baridi.

Akageuka, macho yamefumba. "Limekataa kuwaka?"

"Limekataa," nikasema.

Akasogea ukutani kunipisha.